Nimwachie Mwalimu Aamue Mwenyewe Jinsi ya Kufundisha?

*"Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali yenye wanafunzi 930 na walimu 14. Mwalimu wangu wa Hisabati wa darasa la tano, kijana mwenye miaka mitatu kazini, ameniomba mambo matatu: abadilishe mpangilio wa mada kwenye azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka), arudie mada ya sehemu (nusu, theluthi na kadhalika) kwa wiki mbili zaidi, na aache kuandika andalio refu la somo kila siku. Anasema mwalimu aliyesomea kazi yake hapaswi kushikwa mkono kama mtoto. Mwalimu wa taaluma anasema nikikubali, wale ambao hata sasa hawaingii vipindi watapata kisingizio. Nimesikia kwamba Ufini walimu hawakaguliwi na shule zao zinafanya vizuri. Lakini huku kwetu wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakija wanaanza na maandalio, na matokeo yakishuka anayeitwa wilayani ni mimi. Je, uhuru huo unaijenga shule au unaiharibu? Na huyu kijana nimjibu nini?"*

Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kila mara nimeona kwamba humwogopi kijana huyo. Unamwamini; usingemwamini usingehangaika kuuliza. Unachoogopa ni kuwajibishwa kwa uamuzi alioufanya mtu mwingine, na kwamba mlango ukishafunguliwa kwa mmoja hutaweza kuufunga kwa wengine. Hofu hiyo ni ya haki, na sitaipoza kwa maneno matamu kuhusu kuwaamini walimu. Jibu langu kwa ufupi ni hili: mruhusu arudie mada ya sehemu, mruhusu apange upya mada ndani ya muhula, usimruhusu aache kuandaa somo, na badala ya wingi wa kurasa za andalio umdai kitu kigumu zaidi, ambacho nitakifikia.

Neno lenyewe ndilo linaloanza kutupoteza. Tukitaja uhuru wa kitaaluma, watu wengi husikia uhuru wa kufunga mlango: mwalimu aingie darasani, afanye anachoona kinafaa, na asiulizwe na mtu. Uhuru wa namna hiyo walimu wetu wanao tayari, tena tele. Mwalimu mkuu ambaye mwenyewe ana vipindi, ana kamati ya shule, ana taarifa za kujaza na anaitwa kata wiki hadi wiki, hawezi kujua kinachotendeka darasa la tatu B saa nne na nusu asubuhi. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za msingi za Tanzania ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu waliopaswa kuwa darasani hawakuwemo, na wengi wao hawakuwa watoro wa shule. Walikuwa palepale shuleni. Mwalimu aliyeketi chini ya mwembe wakati kipindi chake kinaendelea ana uhuru mkubwa mno, ila si wa kitaaluma.

Uhuru wa kitaaluma ni mamlaka ya kuamua jambo unalolijua kuliko mtu mwingine yeyote, pamoja na wajibu wa kutoa sababu za uamuzi huo mbele ya wenzako wanaoijua kazi hiyo. Daktari wa zamu hamwamshi mganga mkuu usiku wa manane ili kubadilisha dawa ya mgonjwa, lakini huandika kwenye faili kwa nini ameibadilisha, na asubuhi wodini huulizwa. Ukiondoa mamlaka, unabaki na karani. Ukiondoa maswali ya asubuhi, unabaki na mtu ambaye hakuna ajuaye anachofanya.

Sasa tuitazame mada ya sehemu, kwa sababu ndani yake mna karibu jibu lote. Madaftari ya wanafunzi wako sijayaona, lakini nimeyaona ya shule nyingine nyingi, na ninaweza kukisia kilichompata kijana wako. Alitoa swali la kujumlisha nusu na theluthi. Wengi wakaandika 2/5. Walijumlisha za juu, 1 na 1, wakapata 2. Wakajumlisha za chini, 2 na 3, wakapata 5. Kwa anayesahihisha madaftari 70 kabla ya kengele, hilo ni kosa kama makosa mengine: linawekewa alama yake kwa kalamu nyekundu na kazi inaendelea. Mwalimu anayelijua somo lake huona jambo zito zaidi. Mtoto huyo haioni sehemu kama kipande cha kitu kizima. Anaona namba mbili zilizotenganishwa na mstari, na kila moja anaishughulikia kivyake. Ukimuuliza kwa mdomo kama mtu aliyekula nusu ya chungwa kisha akaongezewa theluthi atakuwa amekula zaidi ya nusu au pungufu, atakujibu "zaidi" bila kusita. Lakini hakuna kinachomshtua katika 2/5 aliyoiandika, ambayo ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, wakati jibu lilikuwa 5/6, yaani chungwa karibu zima. Mtoto huyu ukimpeleka kwenye desimali na asilimia kwa sababu azimio la kazi linasema ni wiki ya desimali na asilimia, atazikariri kanuni zake vivyo hivyo, na ataingia kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi akiwa na rundo la kanuni asizojua zimetoka wapi.

Jiulize ni nani aliyekuwa na nafasi ya kuliona hilo. Mtunzi wa muhtasari wa somo, yaani orodha ya taifa ya yanayofundishwa, hakuwa nayo, afisa elimu kata hakuwa nayo, na wewe uliyelisaini azimio la kazi mwezi Januari, kabla mtoto hata mmoja hajashika kalamu, hukuwa nayo. Taarifa hiyo ilizaliwa darasani, siku hiyo, na ilimfikia mtu mmoja tu. Hoja nzima ya uhuru wa kitaaluma imesimama hapo: uamuzi upelekwe ilipo taarifa. Mwenye taarifa akiwa hana mamlaka, na mwenye mamlaka akiwa hana taarifa, azimio la kazi litaendelea na safari yake kama treni, na darasa litabaki stesheni.

Kuna athari nyingine, inayochelewa kuonekana na ambayo mimi naiona mbaya zaidi. Mwalimu anayeona tatizo asiloruhusiwa kulitatua huacha, taratibu, kuliangalia. Mwaka wa kwanza anasononeka kwamba watoto hawajaelewa. Mwaka wa tatu anasema "darasa hili ni wazito". Mwaka wa sita anafundisha ukurasa. Kijana wako yuko katika mwaka wa tatu, na bado anakuja ofisini kwako kulalamika kuhusu sehemu. Walimu wa namna hiyo hawabaki hivyo milele bila kulelewa.

Nilifanya kazi ya ukaguzi kwa miaka mingi, tangu tukiitwa wakaguzi hadi tulipobadilishiwa jina tukawa wathibiti ubora wa shule, na kuna jambo ambalo sijivunii. Katika shule moja mwalimu wa kike aliniletea daftari la maandalio lililojaladiwa kwa gazeti. Mwandiko wake ulikuwa wa kuvutia, na kila safu ilikuwa imejazwa, hadi ile ya tathmini na maoni. Nikasaini ukurasa baada ya ukurasa. Nilipokuwa namrudishia, upepo wa dirishani ukafungua ukurasa wa mwisho, nikaona kwamba maoni ya kipindi cha kesho yake yalikuwa yameshaandikwa: "Somo limeeleweka, asilimia 80 ya wanafunzi wameweza." Kipindi hicho kilikuwa bado hakijafundishwa. Nilimtazama, akanitazama, tukanyamaza sote wawili, na saini yangu ilikuwa chini ya ukurasa huo na wino wake haujakauka.

Mwalimu yule hakuwa mvivu. Siku ya pili niliketi nyuma ya darasa lake nikamwona akifundisha vizuri sana, akitumia vifuniko vya soda na vipande vya katoni, jambo ambalo halikuwemo kwenye andalio hata kwa neno moja. Alikuwa ameshajifunza kwamba ana kazi mbili, ya kufundisha na ya kuandika, na kwamba sisi tulikuwa tukiikagua ile ya pili. Kwa hiyo unaponiambia kwamba wathibiti ubora "wanaanza na maandalio", ninakubali. Kosa liko pale wanapoanza nayo na kumaliza nayo.

Hata hivyo, usidhani utaratibu huu ulibuniwa na watu waliowadharau walimu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jumuiya inayojiamulia baadhi ya mambo yake, na akautilia shaka uzito unaopewa mtihani. Miaka saba baadaye Azimio la Musoma liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na nchi ikahitaji walimu kwa maelfu, haraka. Wengi walichukuliwa wakiwa wamemaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Kumwandikia mwalimu wa namna hiyo hatua kwa hatua ilikuwa busara, na watoto wengi walijifunza kusoma kwa sababu yake. Tatizo ni kwamba walimu walibadilika na zana za kuwasimamia hazikubadilika kwa kasi hiyo. Tangu mtaala ulipogeuzwa kuwa wa umahiri mwaka 2005, na tena katika mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, nchi inamtaka mwalimu afikiri, wakati karatasi anazokaguliwa nazo zinamtaka atii. Kijana wako amenaswa katikati ya matakwa hayo mawili, na wewe pia.

Sasa Ufini. Uliyoyasikia ni kweli, ila ni nusu ya habari. Ukaguzi wa shule na uidhinishaji wa vitabu viliondolewa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa na mtaala wa kitaifa wenye maelezo ya kina na usimamizi wa karibu kutoka makao makuu, na ndani ya kipindi hicho mafunzo ya walimu yalihamishiwa vyuo vikuu, hadi kufikia mwaka 1979 mwalimu wa shule ya msingi kutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Kamba ililegezwa mwaka 1985, ikalegezwa zaidi mwaka 1994, baada ya kizazi kizima cha walimu kuandaliwa. Anayekuambia tufute ukaguzi kama Ufini anakuonyesha paa la nyumba na kukuficha msingi.

Na kuna ushahidi unaopingana na matumaini yetu, ambao sina budi kuuweka mezani. Mwaka 2013 Eric Hanushek, Susanne Link na Ludger Woessmann walichapisha uchambuzi wa matokeo ya upimaji wa kimataifa wa PISA kutoka nchi 42, kuanzia mwaka 2000 hadi 2009. Waliona kwamba shule kupewa mamlaka zaidi kuliambatana na ufaulu bora katika nchi zilizoendelea, lakini katika nchi zinazoendelea kuliambatana na ufaulu wa chini, hasa mamlaka hayo yalipogusa yanayofundishwa. Tanzania haikuwemo katika upimaji huo, na nchi moja si sawa na nyingine. Hata hivyo maelezo yake hayana muujiza. Pasipo na mwalimu anayelijua somo na pasipo na mtu wa kumuuliza, mamlaka hugeuka kuwa upenyo wa kupitia. Hapa kwetu, jaribio lililofanyika katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha jambo linalofanana kwa upande wa fedha: ruzuku iliyopelekwa shuleni peke yake haikuinua ujifunzaji wa watoto, lakini ilipoambatana na motisha kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyeweza kusoma na kuhesabu, ujifunzaji ulipanda.

Kwa madarasa ya chini ushahidi unaelekea upande wa mwongozo. Jirani zetu wa Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioanza kitaifa mwaka 2015, waliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo vitabu vyenye mpangilio wa kila kipindi, na usomaji wa watoto ukapanda. Ila mapitio ya programu 19 za namna hiyo katika nchi 13, yaliyotolewa mwaka 2018, yaligundua kwamba miongozo iliyomwandikia mwalimu kila neno la kusema ilisaidia kidogo kuliko ile iliyokuwa mifupi na yenye nafasi. Kwa hiyo hata penye mwongozo, nafasi ya kupumua ina thamani yake. Kwa ajili hiyo sikushauri uruhusu mpangilio huru katika kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la kwanza na la pili, wala kwa mwalimu aliyeajiriwa juzi, wala kwa mwalimu anayefundisha somo asilolisomea kwa sababu tu ya upungufu. Hao uwape kiongozi cha mwalimu na mtu wa kuketi nao.

Kijana wako hayumo katika makundi hayo. Na ukiusoma tena muhtasari utaona kwamba sehemu ya anachoomba ameshapewa. Umahiri unaotakiwa kujengwa umewekwa na taifa, na hauguswi. Vitabu vya kiada vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na lugha ya kufundishia na kalenda havimhusu yeye wala wewe. Lakini tazama vichwa vya safu zinazohusu mbinu na zana: zimeandikwa kuwa ni zilizopendekezwa. Kilichopendekezwa hakijaamriwa. Azimio la kazi nalo ni makadirio ya mwalimu mwenyewe, yaliyotungwa shuleni kwenu. Mwenye kulitunga anaweza kulirekebisha kwa kalamu, akaandika tarehe na sababu pembeni, ukasaini. Nimekutana na walimu wakuu wengi wanaolishughulikia azimio la kazi kana kwamba limetoka gazeti la serikali.

Andalio la somo ni habari nyingine. Hilo ni takwa la kazi yake na huna mamlaka ya kulifuta, na mimi nisingelifuta hata kama ningekuwa nayo, kwa sababu mwalimu ambaye hajafikiri kabla ya kipindi atafikiri mbele ya watoto 70. Ila halihitaji kuwa refu. Liwe na vipengele vyote vinavyotakiwa, kila kimoja kwa sentensi moja au mbili, na ndani yake kuwe na jambo moja ambalo maandalio mengi hayana: kosa ambalo mwalimu anatarajia wanafunzi walifanye, na atafanya nini wakilifanya. Mwalimu anayeweza kuandika "watajumlisha chini kwa chini, nitawakatia karatasi mbili za ukubwa sawa" ameandaa somo kuliko aliyejaza kurasa tatu za "mwalimu ataongoza majadiliano".

Kile kigumu zaidi nilichokutajia mwanzoni ni hiki. Mwambie kwamba kila baada ya wiki mbili ataleta kwenye kikao cha walimu wa Hisabati madaftari 10 ya wanafunzi wake, yaliyochaguliwa na mwenzake wala si yeye, na kwa dakika kumi ataeleza aliona nini, alibadilisha nini, na anatarajia kuona nini wiki mbili zijazo. Mwalimu mmoja wa Hisabati ataingia kipindi chake kimoja, ataketi nyuma, na hataandika alama yoyote. Naye ataingia cha mwenzake. Hutahitaji kuunda kikao kipya: mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, yameshazitaka shule ziwe na jumuiya za kujifunza zinazokutana shuleni. Katika shule nyingi vikao hivyo vinapita kwa kusomeana moduli na kusaini mahudhurio. Kikao chenye madaftari ya watoto mezani ni tofauti kabisa. Nimeona walimu wawili waliofundisha mikondo jirani kwa miaka mingi wakigundua siku moja kwamba wanafunzi wao wana kosa lilelile, na kwamba walilifundisha wao.

Hapo ndipo ninapomjibu pia mwalimu wa taaluma, ambaye hoja yake ni ya maana. Wasioingia vipindi hawapati kisingizio, kwa sababu unachotoa hakipatikani bila kuingia darasani. Asiyefundisha hana madaftari 10 ya kuweka mezani. Waambie walimu wote, kwenye kikao, kwamba yeyote anayetaka kubadilisha mpangilio wake anaruhusiwa kuomba kwa masharti hayohayo. Wachache wataomba, na utawajua. Mahudhurio darasani yabaki suala lake lenyewe, lenye taratibu zake za kiutumishi. Kosa tunalolifanya mara kwa mara ni kumdhibiti mwalimu mzuri kwa karatasi kwa sababu tunaona haya kumkabili mzembe ana kwa ana.

Nisikufiche gharama. Wiki mbili za sehemu zitatoka mahali fulani, na kama jaribio la wilaya litakuwa na maswali ya desimali kabla darasa halijafika, wastani wa darasa la tano unaweza kushuka. Njia ya kujikinga ni kuandika mapema: barua fupi ya ukurasa mmoja kwa afisa elimu kata, yenye azimio lililorekebishwa, sababu, na mwezi ambao mada zilizosogezwa zitafundishwa. Ukieleza kabla, una mpango. Ukieleza baada ya matokeo kutoka, una udhuru. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule bora na za mwisho kitaifa, na hilo limepunguza kelele kidogo, ingawa wilayani bado tunapangana. Gharama nyingine ni muda. Walimu wa Kenya walilalamikia mfumo wa tathmini ya utendaji ulioanza huko mwaka 2016 kwa sababu uliwarundikia ushahidi wa kujaza; madaftari yako 10 nayo yatageuka mzigo wa namna hiyo siku utakapoyatungia fomu. Usiyatungie fomu. Na huyu kijana akihamishwa, kama wanavyohamishwa, kitakachobaki ni kile ambacho wenzake watakuwa wamekiona kwa macho yao, na kwa sababu hiyo pia sipendi mlango ufungwe.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa ushauri wa mbali kama huu. Kabla hujabadilisha chochote, mwombe mthibiti ubora wa wilaya yako aje aketi nawe, au umfuate ofisini ukiwa na muhtasari na azimio mkononi. Wengi wao ni walimu wazuri waliochoshwa na kusaini, na akishakubaliana na sura fupi ya andalio mbele yako, hamtagombana siku ya ziara. Ikiwa baada ya muhula mmoja makosa ya sehemu kwenye madaftari ni yaleyale, huenda mwalimu mwenyewe hana uhakika na mada; hapo mtafute mkufunzi wa Hisabati wa chuo cha ualimu kilicho karibu au utumie kituo cha walimu, na ufanye hivyo kwa siri na heshima, kwa sababu hakuna mwalimu anayekiri mbele ya wenzake kwamba mada fulani inampiga chenga. Na likitokea lolote linalogusa usalama wa mtoto, au utoro wa mwalimu usiokoma, usilipeleke kwenye jumuiya ya kujifunza. Lipeleke kwa maandishi kwa mamlaka yako, na Tume ya Utumishi wa Walimu ipo kwa ajili hiyo.

Kuhusu jibu la kijana, usimwite ofisini ukae nyuma ya meza. Mwambie akusubiri baada ya vipindi, aje na madaftari ya darasa la tano, na uchague 10 wewe mwenyewe safari hii ya kwanza. Muulize aliona nini. Kama atafungua la kwanza akaanza kukuonyesha 2/5 na kukueleza mtoto huyo alifikiri vipi hadi akafika hapo, saini azimio lake lililorekebishwa jioni hiyohiyo. Kama atakueleza tu kwamba darasa ni gumu na maandalio yanachosha, mpe wiki mbili, mrudishie madaftari, na umwambie utamuuliza tena swali hilohilo.